Muulize Mama Mchungaji: Uza alikosa nini?

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mchungaji mwenyewe, si mke wa mchungaji. Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala, na watu walipomwita "Baba Mchungaji" aliitika tu, maana alishachoka kusahihisha. Nimestaafu, naishi Njombe, na barua zenu nazisoma zote, hata zile zenye mwandiko wa kuku. Mwezi huu nyingi zimezunguka jambo moja, utakatifu wa Mungu. Nimechagua nne.

Barua ya kwanza

*Bwana Yesu asifiwe, Mama Mchungaji. Mimi ni Mlutheri, nafanya biashara ya viazi. Nanunua mashambani, napeleka Dar es Salaam. Kwenye semina ya Neno usharikani kwetu, mhubiri mgeni alifundisha habari za Uza, aliyekufa kwa kulishika Sanduku la Agano lisianguke. Akasema Mungu ni mtakatifu, ukimgusa vibaya unakufa. Tangu siku hiyo, wenzangu wakiinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana mimi nabaki kwenye benchi. Uza alikosa nini? Si alikuwa anasaidia? Na Mungu wa namna hii nitamkaribiaje?*
*Mama wa viazi, Makambako*

Amina, mwanangu, na pole kwa hofu hiyo. Mhubiri wenu hakudanganya, ila alikata hadithi katikati. Hadithi ya Uza ukiikata pale, unabaki na maiti tu.

Turudi nyuma kidogo. Sanduku lile, lililotunza vibao vya mawe vya Amri za Mungu, lilikuwa dogo kuliko watu wanavyodhani: urefu wake dhiraa mbili na nusu, yaani kama sentimita 110, upana na kimo dhiraa moja na nusu. Mbao zake za mshita zilifunikwa dhahabu, na ubavuni palikuwa na pete za kupitishia miti miwili ya kulibebea. Kitabu cha Kutoka sura ya 25 kinaagiza miti hiyo isitolewe kamwe kwenye pete. Wabebaji walikuwa Walawi wa ukoo wa Kohathi, na hata wao walionywa wasiviguse vile vitu vitakatifu wasije wakafa. Koo nyingine za Walawi zilipewa magari ya ng'ombe ya kubebea vifaa vya hema la ibada. Wakohathi hawakupewa hata moja, kwa sababu mzigo wao ulikuwa wa mabegani.

Sasa fungua 1 Samweli sura ya 5. Wafilisti wameshinda vita, wameliteka Sanduku na kuliweka Ashdodi, ndani ya nyumba ya mungu wao Dagoni. Asubuhi wanamkuta Dagoni ameanguka kifudifudi mbele ya Sanduku. Wanamwinua, wanamrudisha mahali pake. Kesho yake kaanguka tena, na safari hii kichwa na viganja vya mikono vimekatikia kizingitini. Mwishowe wakasalimu amri. Wakatengeneza gari jipya, wakafunga ng'ombe wawili wanaonyonyesha, ndama wakawafungia zizini, kisha wakawaachia ng'ombe waende watakako. Ng'ombe aliyeachwa na ndama nyumbani hurudi kwa ndama, mfugaji yeyote anajua hilo. Wale walishika barabara ya Beth-shemeshi, mji wa Waisraeli, moja kwa moja, wakilia njia nzima, hawakugeuka kulia wala kushoto.

Kwa hiyo mungu wa kuinuliwa akianguka ni Dagoni. Sanduku la Bwana lilitoka nchi ya adui likafika kwao bila mkono wa Mwisraeli hata mmoja. Na nyumba iliyokuja kulihifadhi kwa miaka mingi ilikuwa ya Abinadabu, kwao Uza. Mtoto wa mwenye bucha hashtuki akiona damu. Nadhani Uza alikuwa amefika hapo: kitu ambacho watu wengine walikitetemekea, kwake kilikuwa kitu cha nyumbani. Daudi alipokuja kulichukua, wakalipakia kwenye gari jipya, mtindo ule ule wa Wafilisti. Wakafika uwanja wa kupuria wa Nakoni, ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono.

Alikosa nini? Miti ilikuwepo na mabega yalikuwepo, vikaachwa. Halafu gari lilipoyumba, akaona heshima ya Mungu itaanguka asipoidaka yeye. Naiona hiyo tabia mpaka leo makanisani, tena kwa watu wema kabisa, wanaodhani utakatifu wa Mungu ni yai na wao ndio wenye kikapu.

Sikufichi, kifo chake kinaniuma. Daudi mwenyewe aliona uchungu, 2 Samweli 6:8 inasema hivyo, wala sioni mahali Biblia inapomkemea kwa ajili hiyo. Ukimwona mhubiri anaisimulia habari ya Uza bila hata kumeza mate, ujue hajaisoma sawasawa.

Sasa kile kipande kilichokatwa. Daudi aliogopa kama wewe, akakataa kulipeleka Sanduku mjini kwake. Likaingizwa nyumbani kwa Obed-edomu Mgiti, likakaa miezi mitatu, na Bwana akambariki Obed-edomu na nyumba yake yote. Sanduku lile lile! Halikupunguzwa makali, halikufungiwa kwenye kabati la chuma. Daudi aliposikia akarudi kulichukua, na mara hii likabebwa na Walawi mabegani, kwa miti yake. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:13 anawaambia wazi kwamba mara ya kwanza hawakumtafuta Mungu kama ilivyoagizwa. Siku hiyo mfalme alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, mpaka mkewe akamdharau.

Unaniuliza utamkaribiaje Mungu. Kwa njia aliyoiagiza yeye. Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini, na kwa pazia lile aliyekuwa akipita ni kuhani mkuu peke yake, siku moja tu ya mwaka. Waraka kwa Waebrania unatuambia tuna ujasiri wa kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu. Waraka huo huo, sura mbili mbele, unasema Mungu wetu ni moto ulao. Mwandishi hakujisahau. Moto haujapoa, ila tumefunguliwa mlango.

Wewe ni Mlutheri, umepita kipaimara, basi ulikariri Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha maswali na majibu ya imani. Martin Luther aliiandika mwaka 1529, na aliijua hofu yako kwa ndani. Mwaka 1507 kule Erfurt, akiwa padri mpya kwenye misa yake ya kwanza, alitetemeka mbele ya altare hata karibu akimbie. Kumbuka basi alivyojibu swali la nani anayestahili kuijongea Meza: kufunga na kujiandaa mwili ni utaratibu mzuri wa nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno haya, kwamba mwili umetolewa na damu imemwagika *kwa ajili yenu*, kwa ondoleo la dhambi. Hakusema anayestahili ni asiyetetemeka.

Najua utaniletea 1 Wakorintho 11, ile ya kula na kunywa isivyostahili. Isome toka aya ya 20. Kule Korintho wenye nacho walikuwa wanatangulia kula chakula chao, wasio na kitu wakabaki na njaa, na mwingine alikuwa amelewa. Hapo ndipo Paulo alipopandisha sauti. Shida haikuwa mkono uliotetemeka kwenye kikombe. Shida ilikuwa jirani aliyekaa na njaa pembeni ya Meza ya Bwana.

Na kwa kuwa umenitajia biashara yako, nitaingia humo, na usinichukie.

Maneno "mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi, Bwana, Mungu wenu, ni mtakatifu" yako Walawi 19:2. Watu wanayaandika ukutani, kisha hawasomi kinachofuata. Kinachofuata ni mama na baba wa kuheshimiwa, pembe za shamba zisizovunwa ili maskini na mgeni wapate, ujira wa kibarua usiolala kwako hata asubuhi, kiziwi asitukanwe, kipofu asiwekewe kikwazo. Sura inaelekea kufunga na mizani ya haki, na vipimo vya haki. Mimi sura hiyo huisoma nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha kaka yangu, maana kaka yangu bado analima viazi.

Msimu wa mavuno wanunuzi wanafika na magunia yao. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kijana analishindilia kwa magoti, halafu anaongezea juu kipande cha gunia jingine, anajaza tena, anavuta kamba, anashona kwa shazia. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja, na mkulima ametoa karibu gunia na nusu. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda rudi, na bado inashonwa mchana kweupe. Mwaka mmoja mnunuzi aliyekuwa anasimamia ushonaji huo alisimama kwanza akatuombea mvua na baraka za shamba, macho kafumba, sauti nzito, maombi mazuri kabisa. Alipofungua macho akamwambia kijana, "Ongeza pale kwenye pembe." Kaka yangu akaitikia amina, mimi nikashindwa.

Sisemi ndiye wewe. Sijui unanunuaje, na wanunuzi wenye haki nawafahamu. Nasema tu kwamba ukitaka kujua mahali Mungu mtakatifu alipoweka alama ya *usiguse*, aliiweka zaidi kwenye gunia la mwenzako kuliko kwenye kikombe unachopewa unywe.

Jumapili ya Chakula cha Bwana inuka na wenzako, ukitetemeka hivyo hivyo. Na msimu huu mwambie kijana wako ashone gunia usawa wa mdomo.

Barua ya pili

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya. Kwenye Misa tunaimba "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Rafiki yangu anasema ni mara tatu kwa sababu ya Utatu. Ni kweli?*
*Mwanakwaya, Songea*

Milele amina. Rafiki yako yumo, ila ameanzia mwishoni. Wimbo huo umetoka Isaya sura ya 6, na Waebrania walipotaka kutilia jambo mkazo walilirudia. Yeremia anawacheka watu waliojipa moyo kwa kusema "hekalu la Bwana" mara tatu. Kanisa tangu zamani limesikia humo pia Baba, Mwana na Roho, na Injili ya Yohana 12:41 inasema Isaya aliuona utukufu wa Yesu. Kwa hiyo msigombane.

Mimi ningependa ukiimba uangalie mambo mawili ambayo kwaya nyingi zinayaruka. La kwanza ni tarehe. Isaya anasema ilikuwa mwaka ule aliokufa mfalme Uzia. Huyu Uzia alitawala miaka 52, akafanikiwa vitani na kwenye kilimo, akajenga minara, kisha moyo ukapanda. Akaingia hekaluni na chetezo kufukiza uvumba, kazi isiyo yake. Makuhani 80 wakamzuia, akawakasirikia, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso pale pale. Akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa. Aliyejiingiza kwa nguvu alifia nje. Mwaka huo huo Isaya, ambaye hakudai kitu, anaonyeshwa Bwana ameketi na pindo za vazi lake zikilijaza hekalu. Isaya anajiona amepotea, kinywa chake kichafu, na hasogei hatua. Ni serafi, kiumbe wa mbinguni mwenye mabawa, anayemfuata yeye, na kaa la moto kwenye makoleo, akamgusa midomo.

La pili ni mabawa. Maserafi wana sita sita: mawili ya kuruka, mawili ya kufunika miguu, mawili ya kufunika uso. Hawa hawana dhambi ya kuungama, na bado wanafunika nyuso. Wengi tunadhani Mungu ni mtakatifu kwa maana ya kwamba hana doa, basi. Wasio na doa wenyewe hawawezi kumkazia macho. Ndiyo maana kipande hicho cha Misa sikipendi kikiimbwa kama watu wanawahi basi, ingawa nakubali hilo ni la mwalimu wa kwaya, si langu.

Barua ya tatu

*Mchungaji, jirani zangu wanavua viatu kanisani kwao kwa sababu Musa alivua. Sisi tunaingia navyo. Nani anamheshimu Mungu?*
*Msomaji, Kisumu*

Musa aliambiwa, akavua. Yoshua naye karibu na Yeriko aliambiwa hivyo hivyo. Waorthodoksi wa Ethiopia wanaacha viatu mlangoni mpaka leo, na ukiingia kwao utavua, utafurahi. Wewe na viatu vyako hujamchafua Mungu. Ila ukivaa visafishe, maana kuna mama anayepiga deki pale Jumamosi na mara nyingi hapewi hata soda.

Barua ya nne

*Shikamoo Mama Mchungaji. Binti yangu ana miaka 17, yumo kwenye kundi linaloandaa Meza ya Bwana. Juzi mzee mmoja wa kanisa alimuuliza mbele za wenzake kama yuko kwenye siku zake, kisha akamwambia asiguse vitambaa vya meza kwa kuwa Mungu ni mtakatifu. Binti amerudi analia, hataki tena kwenda. Nimwambie nini?*
*Mama mwenye uchungu, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Mpe binti pole yangu. Swali lile halikuwa la kuulizwa mbele za watu, wala faraghani, wala na mwanamume huyo.

Mzee anaitegemea Walawi sura ya 15 toka aya ya 19, inayosema mwanamke aliye kwenye siku zake ni najisi. Mwombe, kwa adabu zote, aanze aya ya kwanza. Aya 18 za mwanzo zinahusu wanaume: usaha utokao mwilini, na shahawa, hata ya usiku usingizini, ambayo inamfanya najisi mpaka jioni yeye na nguo yake. Kama tunaishika sheria ile, basi Jumapili asubuhi na wazee nao wapangwe mstari mlangoni waulizwe. Sidhani kuna anayetaka kuianzisha kamati hiyo.

Lakini nisijibu kwa mzaha tu. Sheria ile ilikuwa ya kweli kwa wakati wake, na ilikuwa na hoja. Nabii Hagai, mwaka 520 kabla ya Kristo, aliwauliza makuhani maswali mawili. Mtu akichukua nyama takatifu kwenye upindo wa vazi lake, na upindo ukagusa mkate au divai, je, vitakuwa vitakatifu? Wakasema la. Aliyetiwa unajisi kwa maiti akivigusa, vitakuwa najisi? Wakasema ndiyo. Unajisi ulikuwa unaambukiza, utakatifu hauambukizi. Mzee wenu bado anaishi kwenye jibu hilo.

Sasa angalia Marko sura ya 5. Mwanamke ametokwa damu miaka 12. Kwa Walawi 15, kila anachokilalia au kukikalia kinakuwa najisi, na anayemgusa naye anakuwa najisi. Anapenya kwenye msongamano, anagusa vazi la Yesu. Kwa hesabu za makuhani wa Hagai, Yesu ndiye angechafuka, na safari ya kwenda kwa Yairo, mkuu wa sinagogi ambaye binti yake alikuwa mahututi, ingeishia hapo. Kilichotokea ni kinyume: damu ikakauka, na Yesu akamwita mwanamke yule "Binti". Kisha akaendelea na safari, akaingia chumbani, akashika mkono wa msichana wa miaka 12 aliyekwisha kufa. Kugusa maiti kulimpa mtu unajisi wa siku saba. Hakusubiri hizo siku saba, maana maiti hakuwepo tena, msichana alikuwa anatembea na Yesu anaagiza apewe chakula. Mkoma wa sura ya kwanza vivyo hivyo, aliguswa akatakasika.

Huyu ndiye Mungu mtakatifu aliye kwenye Meza hiyo anayoiandaa binti yako. Yeye ndiye anayegusa watu wakatakasika. Vitambaa ni vya pamba, vinafuliwa na sabuni, navyo havijawahi kumlinda.

Mwambie binti arudi Jumapili atandike kitambaa, akunjue pembe zote nne vizuri. Wewe nenda kwa mchungaji wenu kabla ya ibada, umweleze lililotokea, na huyo mzee aombe radhi mbele ya wale wale aliomuulizia mbele yao. Akiona nimekosea, aniandikie. Ila barua yake ianzie Walawi 15 aya ya kwanza.